UZI: Miaka 9 tangu nivunjike uti wa mgongo kwenye baiskeli, na ninachokagua kila siku

#1 Pingili ya Nne

Wakuu, habari zenu.

Mwezi huu natimiza miaka 9 tangu nianguke. Jeraha langu liko kwenye pingili ya 4 ya kifua, ile ambayo madaktari huiandika T4. Kuanzia usawa wa chuchu kushuka chini sihisi kitu na sisogezi kitu. Mikono ni mizima. Natembelea kiti mwendo, na kwa miaka 6 sasa nimerudi kwenye baiskeli, ile ya kuzungusha kwa mikono. Uzi huu ni wenu mnaopanda baiskeli mkiwa wazima, na pia ni wa yeyote aliyeumia kama mimi au anayemuuguza aliyeumia. Zamani niliyaona haya kuwa mambo mawili. Siku hizi nayaona ni jambo moja, kwa hiyo nayaandika pamoja.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha na nilijua. Kwa wiki tatu nilikuwa nikisikia chuma kikikwaruza rimu, na kila jioni nikasema kesho nitabadilisha. Ni kazi ya dakika 10 na spana moja. Asubuhi ile nikatelemka mlima ninaoujua kona kwa kona, na baada ya kona ya mwisho palikuwa na shimo ambalo juzi yake halikuwepo. Nikabana breki zote mbili. Ya nyuma haikushika, ya mbele ikashika peke yake, tairi likaingia shimoni nami nimeegemea mbele. Nikapita juu ya usukani nikatua kwa kisogo na mabega, kidevu kimebanwa kifuani. Waendesha baiskeli wengi huvunjika pingili kwa namna hiyo hiyo: mwili mzima unashuka juu ya mgongo uliojikunja, na pingili moja inabeba uzito wote.

Helmeti ilipasuka. Kichwa kilibaki salama, ndiyo maana naweza kuwaandikia.

Nililala pale nikiwa na akili zangu zote. Watu wema walifika ndani ya dakika moja. Mmoja akanishika kwapani, mwingine miguuni, wakanikunja, wakanikalisha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kabla hawajaninyanyua nilikuwa bado nahisi joto la lami chini ya mapaja. Nilipokalishwa sikulihisi tena. Madaktari hawakuweza kuniambia kama ni kule kunyanyuliwa au ni uvimbe uliokuwa unakuja hata hivyo. Siwalaumu wale watu, walinikimbilia wakati magari mengine yalikuwa yanapita. Ila naomba ninyi mjue zaidi yao.

Kwa hiyo, mkimkuta mwenzenu ameanguka vibaya, msimnyanyue. Mmoja aende mbele kidogo azuie magari. Mwingine apige magoti nyuma ya kichwa cha aliyeanguka, akishike kwa viganja viwili kibaki vile vile alivyokikuta, na amwongeleshe. Msimvue helmeti, msimpe maji, msimwambie "hebu jaribu kusimama tuone". Muulizeni kama shingo au mgongo unauma, kama kuna ganzi, kama anahisi mkiwa mnamgusa vidole vya miguu. Asemaye yuko sawa lakini katikati ya mgongo panauma, naye abaki amelala. Pigeni simu ya gari la wagonjwa, na mkae naye mpaka lifike.

Sasa kabla ya kutoka nyumbani. Mimi ningekuwa nafanya haya kila asubuhi ningekuwa natembea. Bana breki ya mbele usukume baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma usukume: tairi liburute bila kuzunguka. Tazama raba zimebaki kiasi gani na waya haujachanika nyuzi. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti ujaribu kupinda usukani. Ukizunguka peke yake, kaza kabla hujapanda. Nyanyua mbele ulipige gurudumu kwa kiganja uone kama limekazwa. Bonyeza tairi zote mbili. Hayazidi dakika 2. Na ukisikia sauti ambayo jana haikuwepo, hiyo ndiyo kazi ya jioni hiyo hiyo.

Barabarani nitasema machache, mengine mnayajua kuliko mimi. Mteremko: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukitoka spidi ya 20 kwenda 40, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara 4, na mgongo hauna namna ya kuipokea. Lori: usijipenyeze ubavuni mwake likiwa karibu kukata kona, hata kama limesimama. Magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kwa ndani, pale pale ulipo wewe, na dereva hakuoni. Magari yaliyoegeshwa: pita mbali kiasi cha mlango kufunguka wote bila kukufikia. Usiku: taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kitambaa kinachong'aa kwenye vifundo vya miguu. Vifundoni hasa, kwa sababu vinapanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua upesi kwamba yule ni mtu.

Kuhusu maisha baada ya kuumia nitaandika kadiri mtakavyouliza, kwa sababu ni mengi. Kwa leo niseme hili: sihisi maumivu chini ya kifua, kwa hiyo mwili wangu haunipigii kelele tena kukiwa na hatari. Kelele ile naitafuta mwenyewe kwa macho na kwa mikono. Asubuhi na jioni natazama ngozi yangu kwa kioo, nahesabu saa tangu nitoe mkojo, napima joto la miguu kwa nyuma ya kiganja. Ni ukaguzi ule ule niliokataa kuifanyia baiskeli.

#2 Kanyaga Taratibu

Mkuu pole sana, na asante. Nimesoma nikaenda kuangalia raba zangu usiku huu huu.

Swali moja. Kama breki ya mbele ndiyo iliyokurusha, si afadhali mtu aiondoe kabisa? Mimi yangu niliifungua miaka mingi, natumia ya nyuma tu, sijawahi kurushwa.

#3 Fundi Spoki

Kaka, naomba uirudishe kesho.

Ukibana breki, uzito wako wote unasukumwa mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo breki ya nyuma peke yake inaburuta tu tairi, na unasimama mbali sana kuliko ulivyotarajia. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha kweli. Kilichomponza mwenzetu ni mambo matatu kwa pamoja: ya nyuma imekufa, mwili uko mbele, na shimo.

Fanya mazoezi mahali tambarare pasipo na magari. Bana zote mbili kidogo kidogo, ukiongeza nguvu kadiri mwendo unavyopungua. Wakati huo huo rudisha makalio nyuma ya kiti, pedeli zikiwa usawa mmoja, mikono iwe imara lakini viwiko visiwe vimekakamaa. Rudia mpaka mwili ufanye bila wewe kufikiri. Siku ya hatari hutapata muda wa kufikiri.

Na shimo usilolikwepa, achia breki ya mbele kabla tairi halijaingia. Tairi linalozunguka linaweza kupanda upande wa pili, lililobanwa linakwama.

#4 Mama Wawili

Wanangu, mimi si mwendesha baiskeli. Nimeletwa hapa na binti yangu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 19. Aligongwa akiwa kwenye baiskeli, wiki ya 11 sasa. Wamesema ni shingo, C6, yaani pingili ya 6 ya shingo. Anakunja viwiko, anainua viganja, lakini vidole havifungi, na miguu hakuna. Tumerudishwa nyumbani na karatasi mbili na mpira wa mkojo. Nikiingia chumbani nakuta ameangalia ukuta. Jana ameniuliza kama ataendesha tena baiskeli. Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia neno hilo lisitajwe tena humu ndani. Halafu nikaenda kulia bafuni.

Naogopa kulala. Naogopa nitakosea kitu usiku. Niambieni tu ni nini kitakachomuua ili nikizuie.

#5 Pingili ya Nne

Shikamoo mama. Pole sana. Umeuliza swali sahihi, nami nitakujibu wazi wazi, kwa sababu mimi hakuna aliyenijibu hivyo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi wa watu kama mimi na mwanao hawakufika mbali. Waliuawa na vidonda na maambukizi ya mkojo, si na jeraha lenyewe. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo huko Stoke Mandeville, Uingereza, akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Watu wakaanza kuishi. Mwaka 1948 akawapanga watu 16 wenye majeraha kama haya kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, na kutoka hapo ndipo ilipokuja kuzaliwa Michezo ya Paralimpiki. Nakuambia haya ili ujue kwamba kile unachokifanya kwa mikono yako chumbani kwake ndicho hasa kilichobadilisha mambo.

Ngozi kwanza. Mgeuze kila saa 2 akiwa kitandani. Akiwa kwenye kiti, kila dakika 15 hadi 30 umsaidie kuinama mbele kifua kielekee magotini, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, akae hivyo dakika 2 hivi ili damu irudi makalioni. Tazama mara mbili kwa siku: mfupa wa chini ya mgongo, makalio, nyonga, visigino, vifundo, viwiko. Utaambiwa utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na hapo ndipo wengi wetu tulipochelewa. Tafuta palipokuwa peusi zaidi au pa zambarau kuliko pembeni yake, pana joto, pamekuwa pagumu au tepetepe. Ukipaona, asipalalie wala asipakalie tena hata kidogo mpaka parudi kawaida. Usipasugue. Na usimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati, unazuia damu pembeni yote.

Pili, kibofu. Kama anatumia mpira wa kuingiza na kutoa, ni kila saa 4 hadi 6, na kibofu kisizidi mililita 500 hivi. Mikono ioshwe kila mara. Mkojo ukiwa na mawingu na harufu kali pamoja na homa, au misuli ikianza kukakamaa kuliko siku zote, mpeleke hospitali.

La tatu ndilo ninalotaka ulisome mara mbili, kwa sababu hata baadhi ya wahudumu hawalijui. Kila aliyeumia kuanzia T6 kwenda juu, maana yake mimi na mwanao wote, anaweza kupandwa na presha ya ghafla. Kitaalamu ni disirefleksia ya otonomia. Kitu kinaukera mwili chini ya jeraha, tuseme kibofu kimejaa, choo kimekwama, ukucha umeingia nyamani, suruali imebana. Yeye hahisi. Lakini mishipa inajikaza, presha inapanda, na ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza kupita pale palipovunjika. Dalili: kichwa kinagonga kwa nguvu, uso na shingo vinatoka jasho, pua inaziba, vinyweleo vinasimama, mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole. Presha yetu ya kawaida iko chini, ya juu ikiwa kati ya 90 na 110. Kwa hiyo 140, ambayo kwa mwingine si jambo la kukimbizana, kwake ni hatari. Ikiachwa inaweza kuleta kiharusi.

Ikitokea: mkalishe wima, miguu ining'inie chini. Usimlaze. Legeza kila kinachobana. Fuata mpira wa mkojo kutoka mwilini mpaka kwenye mfuko, uone kama umekunjika au umeziba. Kama hana mpira, utoe mkojo. Halafu tazama choo, halafu ngozi na kucha. Isiposhuka ndani ya dakika chache, hospitali, na uwaambie jina lake. Mimi nimeliandika kwenye kadi iliyo pochini mwangu, na nimewahi kuitoa mbele ya mhudumu aliyetaka kunilaza.

Kuhusu baiskeli. Mama, sitakuambia ufanye nini na mwanao. Ila usilione swali lake kuwa wazimu. Baiskeli za mikono zilianza kushindaniwa Paralimpiki mwaka 2004 kule Athens. Siku hizi washindani hupangwa kwa kiwango cha ulemavu, makundi ya H1 hadi H5, na kundi la H1 lipo kwa ajili ya walioumia shingo. Aliyeuliza lile swali alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

#6 Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya majeruhi wa mgongo kwa muda. Mwenye uzi ameandika vizuri, naongeza sehemu ambazo watu hukosea.

Pumzi inatangulia shingo. Aliyeanguka akiwa hapumui, au anakoroma na kuzama, usiogope mgongo ukamwacha afe. Sukuma taya yake ya chini mbele kwa vidole, ukiwa umeweka mikono pande zote mbili za uso, bila kukirudisha kichwa nyuma. Kama helmeti inaziba njia ya hewa, hapo inavuliwa: mmoja ashike shingo na taya kwa chini, mwingine aivute polepole. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kama gogo moja. Inahitaji watu wanne au watano, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu.

Ubao mgumu ni wa kumhamishia tu. Nimepokea wagonjwa walioachwa juu yake kwa saa nyingi huku watu wakidhani wanawasaidia. Asiyehisi anaweza kuanza kidonda ndani ya saa chache.

Mama Wawili, kuna jambo moja la mikono ya mwanao, na ni la haraka. Umesema anainua viganja. Mtu wa C6 akiinua kiganja, vidole hujikunja vyenyewe kidogo, kwa sababu kano zinavutika. Hicho ndicho kitakuwa kishikio chake: kushika kikombe, kalamu, mswaki. Sasa ndugu wakija kumkanda, huwa wanavuta vidole vinyooke huku kiganja kimeinuliwa. Msifanye hivyo. Kano zikirefuka, kishikio kinapotea. Kiganja kikiwa kimeinuliwa, viacheni vidole vijikunje. Mkitaka kunyoosha vidole, kiganja kiwe kimeshuka.

#7 Mama Wawili

Dada yangu amekuwa akimvuta vidole kila siku kwa mafuta. Nimemsimamisha sasa hivi. Mungu akubariki.

#8 Njia Panda

Samahani kama nauliza vibaya. Je, hakuna tiba ya kuunganisha? Nasikia watu wanauza dawa za kuamsha mishipa. Na mbona kuna waendesha baiskeli maarufu walioumia mgongo wakarudi kushindana? Labda ni juhudi.

#9 Pingili ya Nne

Hujauliza vibaya, ila neno la mwisho linatuumiza, nami nitakueleza kwa nini.

Egan Bernal, aliyeshinda Tour de France 2019, aligonga basi lililosimama akiwa mazoezini Januari 2022. Alivunjika pingili, paja, goti na mbavu. Agosti mwaka huo huo alikuwa ameshashiriki mashindano. Kristina Vogel wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki wa 2012 na 2016, aligongana na mwenzake mazoezini Juni 2018, na tangu siku hiyo yuko kwenye kiti mwendo. Ni nani atakayesema Vogel hana juhudi? Bernal alivunjika mifupa, na mifupa huunga. Vogel alikatika ugwe mgongo, ule mkanda wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya pingili, mnene kama kidole cha mwisho. Huo ukikatika, hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuuunganisha. Anayekuuzia chupa anakuuzia chupa.

Ambao ugwe umechubuka au kubanwa bila kukatika, wanaweza kurudisha mengi, na sehemu kubwa hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, hasa miezi 6 ya mwanzo. Ndiyo maana kufika mapema kwa daktari wa upasuaji na kufanya mazoezi ya tiba ni muhimu. Lakini msimwambie mtu "wenzako wametembea". Mimi niliambiwa hivyo kwa miaka 2 na nikajiona mvivu, wakati kilichokuwa kimekatika si bidii yangu.

#10 Magurudumu Matatu

Mimi ni mwanamke, nimeumia L1, yaani pingili ya kwanza ya kiuno, mwaka wa 14 huu, naendesha baiskeli ya mikono karibu kila wiki. Niongeze yale ambayo kaka hajayataja.

Bendera. Baiskeli zetu ziko chini, dereva wa gari kubwa anatazama juu yetu moja kwa moja. Weka fimbo ndefu yenye bendera ya rangi kali ifike usawa wa macho ya dereva, na taa nyekundu juu yake, si chini karibu na tairi. Kwenye makutano usiamini kwamba umeonekana mpaka dereva amekutazama usoni.

Miguu. Fungeni miguu kwa mikanda mipana yenye sponji, pande zote mbili. Na kagueni baada ya kila safari, si kabla tu. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito huwa dhaifu, inaweza kuvunjika na usijue. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, usingoje kesho. Inaweza kuwa mfupa umevunjika, inaweza kuwa damu imeganda.

Mabega. Haya ndiyo miguu yetu sasa. Wale wanaojiinua kwa mikono juu ya kiti kila mara ili kupunguza uzito, badilisheni, mwiname mbele kama alivyosema kaka. Mimi nilijiinua kwa miaka 8 na bega la kulia limenichosha.

Na kwa vile kuna mama na kijana hapa, niseme bila aibu: jeraha la uti wa mgongo haliondoi ndoa wala watoto. Mimi nilibeba mimba nikiwa kwenye kiti mwendo, nikazaa salama. Wanaume nao wana njia, madaktari wanazijua, ila mara nyingi wanasubiri mtu aulize. Ulizeni.

#11 Pingili ya Nne

Asante dada, la miguu limenigusa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye baiskeli ya mikono mguu ulichomoka kwenye mkanda, kisigino kikaburuta lami kwa umbali ambao sikuujua. Niliona damu nilipofika nyumbani. Kidonda kilichukua miezi 5. Tangu hapo nimeweka kioo kidogo mbele kinachonionyesha miguu, nakitazama kama dereva anavyotazama kioo cha pembeni.

Na joto. Walioumia juu kama mimi hatutoki jasho chini ya jeraha, mwili unachemka bila kujipoza. Nabeba chupa ya kupulizia maji, najipulizia shingo, kifua na mikono kabla sijahisi vibaya. Kizunguzungu kikianza, nasimama kivulini.

#12 Kanyaga Taratibu

Breki ya mbele imerudi. Nimefanya mazoezi ya Fundi Spoki jioni tatu. Siku ya kwanza niliogopa, leo nilisimama ndani ya nusu ya umbali niliokuwa nasimama zamani. Naona nilikuwa natembea na hatari miaka yote.

#13 Mama Wawili

Naandika saa tisa usiku, mikono bado inatetemeka.

Saa saba mwanangu aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kichwa kinapasuka. Uso umelowa jasho na mikono ina vipele vya baridi. Mimi wa wiki mbili zilizopita ningemlaza, ningemfunika, ningemwekea kitambaa cha maji. Nikakumbuka. Nimemkalisha, nikashusha miguu, binti akapima presha: 168. Nimefungua kamba ya suruali, nikafuata mpira kwa vidole gizani kabla hata taa haijawashwa. Ulikuwa umekunjika chini ya paja. Tulipomgeuza saa sita akaulalia. Nilipounyoosha mkojo ulishuka kwa kasi mpaka mfuko ukatikisika. Baada ya dakika chache akasema, mama, kinashuka. Tukapima tena: 122. Tena: 106.

Sasa amelala akiwa ameegemea mito. Nimebandika mpira kwa plasta kwenye paja ili usirudi chini.

#14 Muuguzi wa Zamu

Mama, umefanya kila kitu kwa mpangilio sahihi. Asubuhi mwambieni daktari wake, presha ipimwe tena mara kadhaa leo, na muulize kama mnahitaji dawa ya kuweka nyumbani kwa ajili ya siku nyingine. Plasta ibadilishwe upande kila siku, paja moja kisha jingine, na ngozi chini yake itazamwe.

#15 Mama Wawili

Tumemwona daktari. Dawa imeandikwa, na kadi kama ya Pingili ya Nne imeandikwa, ameipiga mhuri yeye mwenyewe.

Kijana amesoma uzi wote, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto. Ameniagiza niulize, nami nauliza kwa moyo mmoja: mtu ambaye vidole havifungi anashikaje mikono ya hiyo baiskeli?

#16 Pingili ya Nne

Mwambie hashiki. Anavaa glovu maalumu zenye mkanda unaofunga mkono kwenye kishikio, na zipo zenye bamba linaloingia kwenye kishikio kilichotengenezwa kwa kiganja kilichosimama wima. Anavuta kwa misuli ya mbele ya mkono, ambayo yeye anayo. Breki nyingine zinafungwa kwa kuzungusha mikono kinyumenyume, hazihitaji vidole.

Asianze mpaka daktari aseme pingili zimeshika. Atakapoanza, iwe uwanja tambarare, dakika 5, mtu akitembea pembeni, kibofu kimetolewa kabla, mto mzuri chini yake. Glovu zivuliwe mara akimaliza na viganja vitazamwe pande zote, kwa sababu mkanda ukimbana hatahisi. Kabla hajakaa, mtu apime breki mbele yake na amwachie yeye aseme kama zimeshika.

Mwambie pia aandike mwenyewe akiwa tayari. Simu inaandika kwa sauti. Nitamjibu saa yoyote.